Kupima Ukweli wa Programu za Kuiga Nishati ya Majengo: Mwongozo Kamili wa Kulinganisha Hesabu na Vipimo Halisi

Modeli ya jengo inaweza kutoa jumla ya umeme wa mwaka inayokaribiana sana na bili, huku karibu kila kitu ndani yake kimekosewa. Imezidisha joto la jua linalopita dirishani, imezidisha pia joto linalotoroka na hewa kupitia nyufa, makosa hayo mawili yakafutana, na mhandisi akapeleka ripoti akiamini kwamba programu imethibitishwa. Siku atakapoitumia modeli hiyohiyo kuamua kama kubadilisha vioo kuna faida, makosa yatatengana, kwa sababu kioo kipya kinagusa jua na hakigusi nyufa. Hapo ndipo fedha za watu hupotea.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kujua, kwa ushahidi, kama programu anayoitumia inahesabu joto la jengo sawasawa. Sharti moja linabeba hatua zote: utabiri wa programu ufungwe kabla mtabiri hajaona vipimo. Ukishaliona jibu utarekebisha kitu, hata bila kukusudia, na kuanzia hapo hujaribu programu tena bali unavuta mistari miwili ya grafu ikutane.

Hatua ya 1: Amua unajaribu nini

Tofauti kati ya hesabu na kipimo inaweza kutoka sehemu nne: kanuni za fizikia na msimbo wa programu, maingizo uliyoyapa modeli, mtu aliyeyaingiza, na vifaa vilivyopima. Jaribio zuri hupangwa ili sehemu tatu za mwisho zibanwe kiasi kwamba kinachobaki kiwe cha programu yenyewe. Ukichukua ofisi yenye watu mia, madirisha yanayofunguliwa ovyo na termostati inayochezewa, umechagua kitu ambacho hakiwezi kukueleza lolote kuhusu msimbo. Modeli ya ofisi hiyo unaweza kuirekebisha ifuate bili, na hiyo ni kazi halali yenye manufaa yake, lakini ni kazi nyingine.

Andika swali lako kwa sentensi moja kabla ya kununua kihisi hata kimoja. Kwa mfano: "Je, programu hii inatabiri joto la hewa la chumba chenye dirisha kubwa, kisicho na kiyoyozi, kwa kosa lisilozidi nyuzi moja?" Swali la namna hiyo linakuambia upime nini, kwa muda gani na kwa uhakika gani. Swali la "je, programu ni sahihi?" halikuambii chochote.

Hatua ya 2: Pitisha programu kwenye majaribio ya mezani kwanza

Kupima jengo ni kazi ya gharama. Usiifanye kutafuta hitilafu ambayo kompyuta ingeionyesha kwa dakika kumi.

Njia za kuthibitisha programu hizi ni tatu, na zinasaidiana. Ya kwanza ni kulinganisha na jibu la hisabati linalojulikana, mfano ukuta mmoja ambao joto la upande mmoja limepandishwa ghafla. Ya pili ni kulinganisha programu na programu nyingine. Ya tatu ndiyo kulinganisha na vipimo. Mpangilio huu ulijengwa na watafiti wa NREL, maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya Marekani, na kazi yao na Shirika la Kimataifa la Nishati ikazaa seti ya majaribio iitwayo BESTEST, iliyotolewa mwaka 1995. Baadaye ikawa kiini cha kiwango cha 140 cha ASHRAE, chama cha wahandisi wa mifumo ya joto na viyoyozi cha Marekani, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2001.

Jengo la msingi la BESTEST ni sanduku la mita 8 kwa 6, kimo cha mita 2.7, lenye madirisha ya mita za mraba 12 upande wa kusini. Kisa cha 600 kina kuta nyepesi, na cha 900 kina kuta nzito. Vyote viwili vina matoleo yasiyo na hita wala kiyoyozi, ambapo joto la ndani huachwa liende linakotaka. Endesha angalau hivyo vinne. Kisha badilisha kitu kimoja kimoja, kama vile kivuli, mwelekeo wa dirisha au kiasi cha hewa, na utazame mabadiliko ya jibu kuliko jibu lenyewe. Programu ikipotea kwenye mabadiliko hayo, unajua mahali pa kuchimba.

Lakini kupita BESTEST hakuthibitishi ukweli. Programu kumi zilizorithi kanuni moja ya joto la anga zitakubaliana zote na kukosea zote. Ndiyo maana vipimo haviepukiki.

Hatua ya 3: Chagua jengo, au tumia data iliyokwisha kupimwa

Jengo bora la jaribio ni lile linalochosha: tupu, dogo, lenye kuta zinazojulikana tabaka kwa tabaka, mbali na vivuli vya miti na majengo ya jirani. Chumba maalumu cha majaribio kinafaa zaidi kwa kuchunguza jambo moja, kama tabia ya kioo. Nyumba nzima isiyokaliwa inafaa unapotaka kuona vyumba vinavyoathiriana.

Kama huna jengo, usikate tamaa. Huko Holzkirchen, karibu na Munich, Ujerumani, taasisi ya Fraunhofer ina nyumba mbili pacha zilizotumika katika mradi wa Shirika la Kimataifa la Nishati uitwao Annex 58. Majaribio yake makuu yalifanyika mwaka 2013 na 2014. Timu za waundaji modeli zilipewa maelezo ya nyumba na data ya hali ya hewa, zikatabiri bila kuona vipimo vya ndani, kisha vipimo vikafunguliwa na wakaruhusiwa kutafuta makosa yao. Maelezo na data vimewekwa wazi kwa yeyote. Kwa mtu anayeanza, kuirudia kazi ile kwa programu yake ni shule kubwa kuliko kufunga vihisi vyake mwenyewe vibaya. Ila ujizuie: weka faili za vipimo vya ndani kando mpaka utabiri wako uwe tayari.

Hatua ya 4: Pima maingizo, usiyaamini makaratasi

Hapa ndipo majaribio mengi hushinda au hufa, na hapa ndipo ninapokushauri utumie nusu ya muda wako.

Anza na hesabu ya mkono ili ujue kipi kina uzito. Tuseme chumba kina ujazo wa mita 50 za ujazo, na hewa yake hubadilika nusu ya ujazo huo kila saa. Kupasha mita moja ya ujazo ya hewa kwa nyuzi moja kunahitaji takriban wati-saa 0.33. Kwa hiyo joto linaloondoka na hewa ni 0.33 mara 50 mara 0.5, yaani wati 8.25 kwa kila nyuzi ya tofauti kati ya ndani na nje. Sasa chukua ukuta wa mita za mraba 20 wenye thamani ya U ya 0.3, yaani wati zinazopita kwenye kila mita ya mraba kwa kila nyuzi ya tofauti: unapoteza wati 6 kwa kila nyuzi. Ukikisia ubadilikaji wa hewa kuwa 0.5 kumbe ni 0.3, umekosea wati 3.3 kwa kila nyuzi, zaidi ya nusu ya ukuta mzima. Hesabu hii ya dakika tano inakuambia kwamba kifaa cha kupima uvujaji wa hewa kina haki ya kununuliwa kabla ya kihisi cha kumi cha joto la ukuta.

Uvujaji wa hewa hupimwa kwa namna mbili. Feni iliyofungwa mlangoni husukuma au kunyonya hewa mpaka tofauti ya shinikizo ifike paskali 50, na mtiririko unasomwa. Hiyo inakuambia jengo limefungika kiasi gani, lakini si hewa ngapi inapita siku ya kawaida. Mazoea ya kugawanya namba hiyo kwa 20 ili kupata wastani ni makadirio ya jumla tu, na hayafai jaribio la aina hii. Njia ya pili ni gesi ya kufuatilia: unaachia gesi inayotambulika kirahisi, unaichanganya na hewa ya chumba, na unapima inavyopungua saa baada ya saa. Hii ndiyo inayokupa hewa halisi chini ya upepo na joto la siku zile. Suluhisho la tatu, ambalo mimi nalipenda kuliko yote, ni kuziba nyufa kwa bidii na kuingiza hewa kwa feni ndogo yenye mtiririko uliopimwa. Shaka kubwa inageuka kuwa namba unayoijua.

Kwa kuta, bandika sahani ya kupima mtiririko wa joto upande wa ndani, na vihisi vya joto pande zote mbili. Kiwango cha ISO 9869-1 kinataka kipimo kiendelee kwa saa 72 angalau, na kuta nzito zinahitaji zaidi. Epuka ukuta unaopigwa na jua moja kwa moja, na epuka kona na nguzo. Kisha linganisha na thamani iliyohesabiwa kutoka kwenye tabaka. Zikitofautiana sana, chunguza kihami joto: huenda kimelowa, kimebonyea au hakikuwekwa kabisa sehemu fulani, na kamera ya joto itakuonyesha.

Madaraja ya joto, yaani sehemu ambazo saruji au chuma hupenya kihami joto, yahesabiwe kwa programu ya mtiririko wa joto wa pande mbili au tatu na yaingizwe waziwazi. Katika jengo lililofungwa vizuri uzito wao huwa mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwa vioo, pata data ya macho ya kioo chenyewe kutoka kwa mtengenezaji, si ya kundi lake, na pima vipimo vya fremu kwa futi ya mkononi. Rangi ya kuta na sakafu nayo ipimwe inavyofyonza jua. Hali kadhalika uakisi wa ardhi iliyo nje: programu nyingi huweka 0.2 kimya kimya, na kwenye changarawe nyeupe au theluji namba hiyo haina maana.

Kila ingizo liandikwe likiwa na namba mbili: thamani yake na shaka yake. Unene wa ukuta ni sentimita 24 jumlisha au toa nusu. Usipoandika shaka sasa, hatua ya 7 haitawezekana.

Hatua ya 5: Funga vihisi na uheshimu saa

Joto la hewa linaonekana rahisi kupima, na linapotosha watu wengi. Kihisi kilicho wazi hupokea mionzi kutoka kwa jua, hita na kuta, kikasoma kitu kilicho kati ya joto la hewa na joto la nyuso. Kikinge kwa mrija unaong'aa wenye feni ndogo inayovuta hewa. Weka vihisi kwa urefu tofauti, visipungue vitatu kwa kila chumba, kwa sababu programu nyingi huchukulia hewa ya chumba kuwa imechanganyika kabisa, na chumba halisi mara nyingi kina tabaka, moto juu na baridi chini. Tofauti kati ya dari na sakafu ikifika nyuzi mbili, basi "joto la chumba" si namba moja, na lazima useme unalinganisha na ipi. Unaweza kuichanganya hewa kwa feni, lakini umeme wa feni hiyo nao ni joto, uuhesabu.

Vihisi vya platinamu vya aina ya PT100, daraja A, vina kosa linaloruhusiwa la nyuzi 0.15 pale kwenye sifuri, likikua kidogo kadiri joto linavyopanda. Hilo linatosha kwa kazi nyingi. Hata hivyo, viweke vyote pamoja ndani ya maji yanayokorogwa, kabla ya jaribio na baada yake, uone vinatofautianaje. Kihisi kilichohama katikati ya jaribio hugunduliwa hapo tu.

Nje, usitegemee kituo cha hali ya hewa cha mbali. Pima palepale joto, unyevu, kasi na mwelekeo wa upepo, na jua. Jua ndilo lenye hila. Ukipima jumla ya mionzi inayoanguka kwenye uso wa mlalo tu, programu italazimika kukisia sehemu gani ni ya moja kwa moja na ipi imetawanywa na anga, na kukisia huko ni modeli nyingine iliyojificha ndani ya modeli yako. Pima sehemu hizo mbili kando. Ongeza piranomita moja, yaani kifaa cha kupima mionzi ya jua, iliyosimama wima kwenye ukuta wenye dirisha, ambayo hutaiingiza kwenye programu. Itakuwa shahidi wako: kama programu inakosea jua linalofika ukutani, huna sababu ya kulaumu kioo. Ongeza pia kifaa cha kupima mionzi ya joto kutoka angani, kwani usiku usio na mawingu paa hupoteza joto jingi kuelekea angani, na programu hukadiria joto la anga kwa njia zinazotofautiana.

Sasa saa. Katika faili za hali ya hewa zinazotumiwa na EnergyPlus, mojawapo ya programu hizi za kuiga nishati, namba ya jua ya saa fulani ni ya saa nzima iliyotangulia. Kirekodi chako huenda kinaandika wakati wa kuanza. Kompyuta huenda imesogeza saa yenyewe kwa ajili ya majira ya joto. Matokeo yake ni kuchelewa au kuwahi kwa saa moja, kunakofanana kabisa na kosa la uwezo wa kuta kuhifadhi joto, na mtu anaweza kukaa wiki nzima akibadilisha uzito wa zege. Chagua siku isiyo na wingu hata moja, chora jua lililopimwa, na uangalie kama limelingana pande zote mbili za adhuhuri ya jua, yaani wakati jua liko juu kabisa. Kumbuka kila digrii moja ya longitudo husogeza adhuhuri hiyo kwa dakika nne. Jaribio hili halina gharama, na singemruhusu mtu yeyote aendelee bila kulifanya.

Hatua ya 6: Panga mwendo wa jaribio

Jengo linaloachwa kwenye joto moja siku zote linakueleza upotevu wa joto tu. Unahitaji mwendo unaoamsha tabia zote.

Anza kwa siku kadhaa za joto lisilobadilika, kwa hita za umeme na termostati. Kipindi hiki kinaondoa kumbukumbu ya hali ya zamani kwenye kuta, na pia kinakupa upotevu wa jumla wa jengo, yaani wati zinazohitajika kwa kila nyuzi ya tofauti. Tofauti ya ndani na nje ikiwa ndogo, kosa la kipimo linakuwa kubwa. Nyuzi 10 na zaidi ndizo za kutafuta. Kisha washa na uzime hita kwa mpangilio wa nasibu, vipindi vifupi vikichanganywa na virefu. Unasibu una kazi maalumu: joto la hita lisifuatane na jua. Kama hita huwaka kila asubuhi jua linapochomoza, huwezi tena kutenganisha athari za viwili hivyo. Baada ya hapo rudi kwenye joto moja kwa siku chache, na mwisho zima kila kitu uache jengo lielee. Kipindi cha kuelea ni kigumu kwa programu, maana hakuna termostati ya kuficha makosa: kila wati iliyokosewa huonekana kama nyuzi.

Pima umeme wa hita kwa mita, usitumie namba iliyoandikwa kwenye kibandiko, kwa sababu volti hubadilika. Na ujue hita yako hutoa sehemu gani kwa hewa na sehemu gani kwa mionzi, programu itakuuliza.

Hatua ya 7: Tabiri, kisha funga

Mpe mwenzako vipimo vyote vya ndani avishike. Wewe baki na hali ya hewa, umeme wa hita wa kipindi cha nasibu, joto lililopangwa kwenye termostati kwa vipindi vya joto moja, na maelezo ya jengo. Ikiwezekana, watu wawili watengeneze modeli mbili bila kuzungumza, kwa programu ileile. Tofauti kati yao ni kipimo cha kosa la mtumiaji, nayo inaweza kuwa kubwa kuliko kosa la programu.

Angalia jinsi programu inavyoanza. EnergyPlus, kwa kawaida yake, huirudia siku ya kwanza mpaka joto la kuta litulie. Kwa usanifu hilo halina neno. Kwa jaribio lako ni kosa, maana kuta halisi zinakumbuka siku zilizopita, si siku ya kwanza iliyorudiwa. Ipe hali ya hewa na uendeshaji halisi wa siku za kabla, wiki mbili kwa jengo zito, kisha uzitupe siku hizo kwenye ulinganisho. Tumia hatua ya muda ya dakika 10 au chini. Rudia kwa nusu yake, na kama jibu linabadilika, bado hujafika.

Halafu ingiza shaka. Chukua maingizo yote na mipaka yake, yachanganye kwa nasibu kwa njia ya Monte Carlo, na uendeshe modeli mara mia kadhaa. Matokeo hayatakuwa mstari mmoja bali ukanda. Huo ukanda ndio utabiri wako. Hifadhi faili, andika tarehe na toleo la programu, na umkabidhi yule mwenzako kabla hajafungua chochote.

Hatua ya 8: Linganisha kwa namba zinazofaa

Mwongozo wa 14 wa ASHRAE hutumia vipimo viwili kwa nishati. Cha kwanza ni kosa la wastani kama asilimia ya wastani uliopimwa, utakaloliona kwenye ripoti kama NMBE. Cha pili ni mzizi wa wastani wa miraba ya makosa, nao ukigawanywa kwa wastani uliopimwa, kwa kifupi CVRMSE. Kwa data ya miezi, mipaka ni asilimia 5 na 15. Kwa data ya saa, 10 na 30. Watu huipenda mipaka hii kwa sababu ni mepesi kunukuu. Iliwekwa kwa ajili ya modeli zilizokwisha kurekebishwa zifuate bili, ili zitumike kukadiria akiba ya nishati. Haikuwekwa kuhukumu msimbo wa programu. Itumie kwa mlinganisho, usiitumie kama cheti.

Na tafadhali usitumie asilimia kwa joto. Kosa la nyuzi moja ni asilimia 5 kama wastani ni nyuzi 20 za selsiasi, asilimia 10 kama ni nyuzi 10, na chini ya nusu ya asilimia ukihesabu kwa kelvini. Kosa ni lilelile, namba ndiyo inacheza. Kwa joto, toa kosa kwa nyuzi: la wastani, la mraba, na lile kubwa kuliko yote pamoja na saa lilipotokea. Ongeza uwiano wa mpangilio wa Spearman, unaosema kama mstari wa utabiri unapanda na kushuka pamoja na wa kipimo hata kama uko juu yake au chini yake.

Hukumu yenyewe itoke kwenye shaka. Kiwango cha V&V 20 cha mwaka 2009 cha ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, kinatoa njia iliyo wazi: chukua shaka ya hesabu za kompyuta, shaka ya maingizo na shaka ya kipimo, pandisha kila moja kwa mraba, jumlisha, toa mzizi. Tuseme ni nyuzi 0.1, 0.5 na 0.3. Jibu ni karibu 0.59, na maradufu yake ni takriban 1.2. Kama programu imekosea nyuzi 0.8, huna ushahidi dhidi yake, na pia hujaithibitisha zaidi ya hapo. Kama imekosea nyuzi 1.4, kuna jambo la kutafuta. Ukanda mpana sana humpitisha kila mtu. Ukiona hivyo, rudi hatua ya 4 upunguze shaka ya ingizo lililochangia zaidi, usisherehekee.

Hatua ya 9: Soma mabaki

Toa utabiri kwenye kipimo, saa kwa saa, na uchore kinachobaki. Mabaki yasiyo na umbo ni dalili njema. Mabaki yenye umbo yana habari, na kuyasoma ndiko kunakotofautisha mtu aliyebobea na anayejaza fomu.

Yakipanda mchana wa jua na kushuka siku za mawingu, tazama kwanza ile piranomita ya wima. Kama jua la ukutani limetabiriwa vizuri, shaka inahamia kwenye kioo na jinsi programu inavyogawa jua ndani ya chumba: je, yote inaipeleka sakafuni, au inafuata mwale unakoangukia? Yakifuata kasi ya upepo, ni hewa. Yakiwa makubwa usiku usio na mawingu na madogo usiku wa mawingu, ni mionzi ya anga. Yakifuata tofauti ya joto la ndani na nje bila kujali saa, ni upotevu wa jumla, na hapo rejea madaraja ya joto na ardhi iliyo chini ya sakafu. Yakiwa hasi hita inapowaka na chanya inapozimika, programu inakosea kasi ya chumba kupokea joto, na mara nyingi sababu ni kwamba hewa ya chumba imepewa uwezo wa hewa peke yake, ilhali ndani kuna milango, fremu na vifaa. Kadirio la upitishaji joto kati ya uso wa ukuta na hewa nalo huleta umbo la namna hiyo, hivyo jaribu kanuni zote ambazo programu inaziruhusu, na uandike kila moja ilitoa nini.

Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja. Kila badiliko liwe na sababu ya kifizikia unayoweza kuionyesha kwa kipimo huru. Kupunguza thamani ya U kwa asilimia 12 kwa sababu grafu inapendeza ni kuharibu jaribio lote.

Hatua ya 10: Fungua, sahihisha, andika

Baada ya ulinganisho uliofungwa, vipimo vyote vifunguliwe. Katika awamu hii utakuta makosa ya kuingiza data: dirisha lililogeuzwa, tabaka lililopangwa kinyume, ratiba iliyohama. Yasahihishe na uyaorodheshe, kila moja na athari yake. Ripoti iwe na matokeo yote mawili, ya kabla na ya baada ya kufungua. Anayeficha ya kwanza anamnyima msomaji habari muhimu kuliko zote, yaani programu hii ikitumiwa na mtu makini asiyejua jibu hukosea kwa kiasi gani.

Andika pia mipaka ya ulichokijaribu. Nyumba tupu ya majira ya baridi haisemi kitu kuhusu kiyoyozi, unyevu, wala jengo refu la vioo. Kama unahitaji hayo, hilo ni jaribio jingine lenye vihisi vyake.

Mwisho, hifadhi modeli, faili ya hali ya hewa, vipimo na hati ya kukokotoa makosa mahali pamoja, na uziunganishe ziendeshwe kwa amri moja. Kila toleo jipya la programu likitoka, liendeshe kabla ya kulitumia kwenye kazi ya mteja. Jibu likihama zaidi ya shaka ya hesabu za kompyuta uliyoipata kwa kupunguza hatua ya muda, soma maelezo ya mabadiliko ya toleo hilo. Kama hayaelezi uhamaji huo, watumie wasanidi faili zako zote. Ni aina ya ripoti wanayoweza kuifanyia kazi siku hiyohiyo.